Stelingi hafi

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita nilipiga kelele mbele ya watu wazima wenzangu kama mtoto aliyekuta nyoka chooni. Tulikuwa uani kwa mwalimu, Chikongola, hapa Mtwara, shuka jeupe limefungwa kati ya mwembe na nguzo ya kamba ya nguo, projekta ya kuazima imekaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Picha ilikuwa inaelekea ukingoni. Stelingi, mtu mweusi aliyepambana na wafu usiku kucha, alikuwa amebaki peke yake kwenye handaki la ile nyumba. Kumekucha. Nje kuna mbwa, kuna milio ya bunduki, kuna watu wazima wenye akili zao wanaokuja kuokoa. Jamaa akapanda ngazi taratibu, akasogea dirishani, akachungulia. Risasi moja ya paji la uso. Chini.

"Hapana!" nikasema. "Hapana bwana, hii wameichezea!"

Wote wakanigeukia. Aibu yangu ilikuwa hivi: kabla hatujaanza nilikuwa nimejigamba kwamba picha hii naijua kama sura yangu, kwamba niliiona nikiwa darasa la nne, na nilikuwa nimeshawamwagia mpaka mwisho wake. Jamaa anapona. Nilimwambia shemeji asiogope, jamaa anapona.

"Hiyo ya kwako uliionea wapi?" fundi simu akauliza. "Ndotoni?"

Niliionea Mikindani, kwa mjomba.

Mjomba ni kaka yake mama, na kwetu Wamakonde hilo si jambo dogo. Wazee wetu walihesabu watoto upande wa mama, mjomba ndiye mwenye sauti. Katikati ya miaka ya tisini alirudi kutoka Dar na televisheni moja, deki moja na begi la kanda, akajenga kibanda cha vidio nyuma ya nyumba ya bibi. Kuta za makuti. Mwanga ulipopenya aliziba kwa mifuko ya salfa, ile ya kupulizia mikorosho, kwa hiyo picha zote za utoto wangu, za ngumi, za Kihindi, za mashetani, zina harufu ya salfa. Tulipiga chafya mwanzo hadi mwisho. Genereta ilikaa nje kwenye shimo isitushinde kelele, na ilitushinda vilevile. Kiingilio shilingi 50, mia ikiwa picha mpya, na asiye nacho alizunguka nyuma kupiga chabo mpaka mjomba atoke na fimbo.

Alikuwa anatafsiri mwenyewe, amesimama pembeni ya televisheni. Sitaki kumlinganisha na Lufufu, yule mtafsiri wa picha. Lufufu wa Dar alikuwa na sauti yake kwenye kanda, inasikika mpaka mikoani, na wapo watu wa rika langu wanaoamini hadi leo kwamba wazungu wa kwenye Titanic walikuwa wanaongea Kiswahili chake. Mjomba alikuwa na Kiingereza cha darasa la saba na cha ukuli wa bandarini, na pengo lolote alilijaza kwa Kimakonde au kwa uongo. Deki ikikwama aliifungua kwa bisibisi, akafuta kichwa kwa pamba yenye spiriti, na muda wote huo mdomo haukusimama: anatusimulia kinachofuata ili tusidai hela. Mara nyingi kile alichosimulia kilikuwa kitamu kuliko kilichokuja kuonekana.

Kibanda kilikuwa na sheria moja, na haikuandikwa popote. Stelingi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa kamba, kutupwa mtoni, kulia juu ya maiti ya mama yake, lakini hafi. Adui ndiye anayekufa, tena mwisho kabisa, tena kifo kirefu. Picha ambayo stelingi anakufa ni picha mbovu na kiingilio kinarudi.

Na hii ya wafu, naikumbuka vizuri, iliisha hivi. Kumekucha. Jamaa yuko handakini, anasikia mbwa. Mjomba anasema: "Sasa kumekucha, wafu wamerudi makaburini kwao, na stelingi akatoka, akaenda kwao. Haya, mtoke, waingie wengine." Kisha *klaki*, kidole kwenye deki, kioo cheusi. Tukapiga makofi. Niliiona mara tatu, na mara zote tatu aliondoka mzima.

*

Tuko watano, na wakati mwingine sita. Mwalimu wa hesabu ndiye mwenye ua na shuka. Mkewe, ambaye mimi namwita shemeji, ndiye mwenye ming'oko, ile mizizi ya porini. Anaichemsha kwa chumvi, tunaimenya gizani huku watu wananyongwa. Kuna fundi simu, anayezipata picha zenyewe huko intaneti. Kuna dada muuguzi, anayekuja akiwa hana zamu ya usiku. Wa sita ni bibi wa nyumba ya jirani, ambaye hakualikwa, alibeba kigoda chake siku moja akaketi, na sasa tukianza bila yeye anasusa.

Tulikubaliana picha iwe ya kutisha na iwe ya kale: imetoka kabla wa mwisho wetu hajavaa sare ya shule. Mwishoni kila mtu aseme lake, na "nzuri" si maoni.

Tulianza na Nosferatu, ya Ujerumani, 1922, ya F. W. Murnau. Haina sauti. Nilidhani watasinzia. Mnyonya damu mwenyewe, Count Orlok, kaigizwa na Max Schreck: kipara, masikio ya popo, kucha kama za zimwi la hadithini, mikono kaibana mwilini utadhani kaoza akiwa amesimama. Hana ule uzuri wa wanyonya damu wa siku hizi wanaopaka mafuta ya nywele. Anapopanda ngazi kumfuata yule mwanamke huoni mwili, unaona kivuli tu ukutani na vidole vinavyorefuka. Shuka letu lilikuwa linapigwa na upepo wa bahari, basi na kivuli nacho kikapumua. Nimeiona tena kwenye kioo cha simu, na naapa ya shuka ilikuwa bora.

Picha hiyo nusura isiwepo. Waliitengeneza kutoka kwenye kitabu cha Dracula bila ruhusa, wakabadilisha majina wakidhani watapita. Mjane wa mwandishi, Florence Stoker, akawafungulia kesi. Kampuni ilishafilisika, mahakama ikaamuru nakala zichomwe. Baadhi zilikuwa zimeshavuka mipaka, na hizo ndizo zilizotufikisha hapa Chikongola tukila ming'oko.

Fundi alijifanya hajaogopa. "Huyo si ni mtu kavaa tu."

Bibi, kutoka kwenye kigoda chake, bila hata kugeuka: "Na lipiko nalo si mtu kavaa? Mbona ulikuwa unakimbia?"

Pakawa kimya. Kwa asiye wa huku: lipiko ni kinyago kinachovaliwa kichwani kizima, cha mti mwepesi, chenye chale na wakati mwingine nywele za mtu kweli, kinatoka wakati wa sherehe za jando na unyago, na kinachocheza mle ndani si mtu, ni mfu aliyerudi. Ndivyo wanavyoambiwa wanawake na watoto. Wavulana wanaambiwa mengine wakishaingia jandoni, na sitayaandika hapa. Sisi wanaume watatu tukatazamana. Mwanamke hatakiwi kulijua lile jambo bibi alilolisema, au tuseme hatakiwi kulisema. Mwalimu akakohoa. Fundi akainama kurekebisha waya ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Na wewe bibi ulikuwa unakimbia?" shemeji akauliza.

"Mimi nilikuwa nakimbia sana," bibi akasema. "Angekimbia nani kama sisi tusingekimbia?"

Nimelifikiria jibu hilo kuliko picha yenyewe. Kuhusu Orlok hakuwa na shaka: mumiani huyo. Sisi huku hatukusubiri wazungu watuletee habari za wanyonya damu. Utotoni mwake gari lolote geni likisimama usiku lilikuwa la mumiani, na watoto waliingizwa ndani. Kilichomshangaza ni kwamba mumiani wa wazungu anakunywa mwenyewe. Wa kwetu alikuwa anachukua damu akaiuze.

The Evil Dead ya Sam Raimi, 1981, tulicheka. Najua ina wapenzi wake wanaoitetea kufa na kupona, nao wanasema kucheka ndiyo kunatakiwa. Sawa. Fundi aliipenda kwa jinsi kamera inavyokimbia msituni kama mbwa. Shemeji alisema vijana watano waliopanga kibanda porini bila kumuuliza mwenyeji hata mmoja walistahili. Tukaendelea na maisha.

Carnival of Souls ya 1962 ilimgusa muuguzi peke yake, lakini ilimgusa kwelikweli. Picha ya bei nafuu kutoka Kansas, mtu aliyezoea kutengeneza filamu za mafunzo, Herk Harvey, alipita kando ya ziwa la chumvi la Utah akaona jumba la starehe lililoachwa, akasema hapa lazima nipige picha. Msichana mpiga kinanda anatoka kwenye ajali ya gari mtoni, anaanza maisha mji mwingine, na kuna mtu mweupe pee anayemtazama kila mahali. Kuna sehemu anaingia dukani, na ghafla sauti zinakatika. Anaongea na muuzaji, muuzaji hamwoni. Anagonga, anaita, watu wanapita. Sisi tuliona imepooza. Muuguzi akasema: "Mnajua wapo wagonjwa wanaokaa hivyo wiki nzima, watu wanapita?" Kisha akasema kesho ana zamu ya asubuhi, akaaga. Siku nyingine akaniambia kwamba majumba ya kale ya Mikindani yamemharibikia. Akipita na bajaji jioni anayaona yale madirisha matupu kama yanacheza muziki.

*

Picha tuliyoizungumzia kuliko zote ni White Zombie. 1932, mwongozaji Victor Halperin, na Bela Lugosi akiwa na macho yake na nyusi zake. Kama picha, ni mbovu nusu. Wapenzi wawili wanaongea kama wanasoma risiti, na bibi aliomba mara mbili wafe haraka. Lakini kuna dakika mbili, tatu hivi, za kinu cha miwa.

Ni Haiti. Lugosi ni mchawi mwenye kinu. Wafanyakazi wake ni watu waliokufa na kufukuliwa. Wanatembea kwa mstari na vikapu vya miwa kichwani, wengine wanasukuma gogo linalozungusha mashine, na mbao zinalia, ule mlio wa mbao kusugua mbao, hakuna muziki, hakuna neno. Mmoja anapepesuka anatumbukia ndani ya mashine. Hakuna anayesimama. Hakuna anayetazama. Mbao zinaendelea kulia vilevile.

"Misukule," mwalimu akasema kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo picha ilipoacha kuwa ya Marekani. Kila mmoja pale uani alikuwa na msukule wake. Yule aliyezikwa, na siku ya tatu mtu akaota kaburini kuna mgomba umelazwa. Yule aliyeonekana amekatwa ulimi, analishwa pumba. Shamba la mikorosho la jirani linalopaliliwa usiku, asubuhi liko safi, na hakuna kibarua aliyelipwa. Sisemi kwamba naamini, wala sisemi kwamba nikipita kwenye shamba la namna hiyo saa nane za usiku sikazi mwendo.

Nilichowaambia wenzangu ni hiki, na nakirudia hapa. Zombi wa kwanza kwenye sinema halikuwa jitu la kula ubongo. Lilikuwa kibarua. Hadithi hiyo wazungu waliipata kwenye kitabu cha mwandishi wa Marekani, William Seabrook, kilichotoka 1929, wakati jeshi la Marekani limeikalia Haiti, maana waliingia 1915 na hawakutoka mpaka 1934. Wahaiti ni wajukuu wa watu waliofanyishwa kazi kwenye miwa mpaka wakafa. Kitu wanachokiogopa si kuliwa. Wanaogopa kufa na bado ukaamshwa uende shambani. Msukule naye, ukiutazama, ni hofu ileile: hata kaburini hupumziki, mwenye shamba anakutaka.

Babu yangu mzaa mama alikuwa manamba. Alikwenda kwenye mkonge Tanga, kama walivyokwenda Wamakonde wengi wakati wa mkoloni, na jina hilo lilitokana na namba aliyopewa mtu akishasaini mkataba. Alirudi akiwa hazungumzi sana. Mama anasema alipoitwa jina lake alichelewa kuitika. Sikuwa na mpango wa kumtaja babu Jumamosi ile, lakini yule mtu alipotumbukia kwenye mashine na wenzake wasigeuke, nilimtaja.

Kitabu cha Seabrook kina jambo moja tamu. Zombi halishwi chumvi, kwa sababu akiionja anakumbuka kwamba amekufa, na atatembea mpaka kwao akajilaze kaburini. Wale wa kitabuni walipewa peremende zenye njugu za chumvi kwa bahati mbaya. Niliposoma hilo kwa sauti, shemeji aliitazama sahani ya ming'oko, akatutazama mmoja mmoja.

Sheria ya ukale tuliivunja mara moja, kwa shinikizo la shemeji huyohuyo, aliyesema haiwezekani tuwapigie makofi wafu wa wenzetu tu. Tukaona Shumileta ya Mussa Banzi, ya miaka ya mwanzoni mwa 2000, enzi alizotutisha pia na Nsyuka. Jini wa kike kampenda mwanaume wa duniani. Tukacheka pale tulipokuwa tunajificha zamani, na tukajificha sehemu moja ambayo zamani hata hatukuiona, ile ya mwanaume anayemdanganya mkewe usoni kwa upole kabisa. Kabla ya hapo tulishaona Living in Bondage ya Nigeria, 1992, mtu anayemtoa mkewe kafara apate utajiri, na mzimu wa mke unamwandama. Inasemekana aliyeitoa alikuwa mfanyabiashara mwenye kanda tupu nyingi za kuuza, akaona zitauzika zikiwa na kitu ndani. Bibi aliiona yote bila kupepesa, akasema huyo mwanaume anamjua, yuko Nanguruwe.

*

Sasa turudi kwa stelingi wangu aliyeuawa.

Picha ni Night of the Living Dead, 1968, ya George A. Romero. Ilipigwa karibu na Pittsburgh na vijana waliokuwa wakitengeneza matangazo ya televisheni, kwa kama dola 114,000. Damu ni shira ya chokoleti. Kwenye picha yenyewe neno zombi halitamkwi hata mara moja. Na ilikuwa na bahati mbaya ambayo kwetu ilikuwa bahati njema: wasambazaji walipobadilisha jina lake dakika za mwisho, alama ya hakimiliki iliyokuwa chini ya jina la zamani ikaondoka nalo. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, bila alama picha ni ya kila mtu. Yeyote mwenye deki mbili aliruhusiwa kurudufu na kuuza. Sina shaka ndiyo sababu, kati ya picha zote za dunia, hii ndiyo iliyoanguka kwenye begi la kuli wa Mikindani.

Ben, yaani stelingi, kaigizwa na Duane Jones, mtu wa jukwaani na mwalimu. Romero alisema siku zote kwamba nafasi ile haikuandikwa kwa ajili ya mtu mweusi. Jones alikuja kwenye majaribio, akawa bora kuliko wengine, basi. Sisi Mikindani tungejua nini kuhusu hayo. Tulijua tu kwamba kati ya picha zote za wazungu pale kibandani, hii ilikuwa na stelingi anayefanana na mwalimu wetu wa zamu. Watu kwenye picha wanataka kukimbilia mji unaoitwa Willard. Kwa mjomba mji ule ulikuwa Newala. "Wanataka wafike Newala, lakini gari halina mafuta." Tulielewa kabisa. Nani hajawahi kukwama njia ya Newala?

Ubishi wa uani ulikuwa mkali. Kuna mzee mle, Harry Cooper, mkali, mwoga, anang'ang'ania wote washuke handakini wafunge mlango. Ben anakataa, anataka wabaki juu, wapigilie mbao madirishani. Basi wanafuata la Ben, na wanakwisha mmoja mmoja, na Ben anapona pale tu anapokimbilia handakini.

"Kwa hiyo Cooper alikuwa sahihi," fundi akasema. "Yule tunayemchukia ndiye aliyekuwa sahihi tangu mwanzo."

"Handakini kulikuwa na mtoto wake aliyeng'atwa," mwalimu akasema. "Wangeshuka wote angewamaliza wote. Hesabu ndogo hiyo."

"Alikuwa sahihi kwa sababu mbaya," muuguzi akasema. "Mtu akikupa ushauri mzuri kwa dharau, unaupokea?"

Shemeji akakumbusha kwamba Ben mwenyewe alimpiga Cooper risasi. Stelingi gani huyo? Wakaendelea hivyo karibu saa nzima. Mimi sikuchangia. Nilikuwa bado natazama shuka, maana baada ya ile risasi picha haijaisha. Zinakuja picha za mnato, zenye chengachenga kama za gazeti: wanaume na kulabu za kubebea nyama, mwili wa Ben unaburutwa, unatupwa juu ya rundo la kuni pamoja na wafu wengine. Hawakujua kwamba alikuwa hai, na hawakuuliza. Moto. Majina ya waigizaji.

Romero amesimulia kwamba walikuwa njiani kuipeleka New York, nakala iko kwenye buti la gari, waliposikia redioni kwamba Martin Luther King ameuawa. Na mhakiki Roger Ebert aliandika jinsi alivyoiona mchana katika ukumbi uliojaa watoto, kwa sababu wakati huo ilionekana ni picha ya mashetani kama nyingine, na jinsi ukumbi ulivyonyamaza mwishoni, na msichana mdogo aliyekaa bila kutikisika, analia. Nilipolisoma hilo usiku ule kitandani nilijiuliza swali ambalo lingenijia zamani kama ningekuwa na akili. Mjomba aliijuaje dakika ya kuzima?

*

Jumapili iliyofuata nikapanda daladala ya Mikindani. Nilimkuta barazani, anabangua korosho na wajukuu wawili, vidole vyeusi vya mafuta ya maganda. Shikamoo mjomba, marahaba mpwa, habari za mama, habari za mjini, korosho zimefika shilingi ngapi. Nusu saa nzima. Kisha nikamuuliza.

"Petroli," akasema bila kufikiri. "Wewe unajua dakika tano za genereta ni kiasi gani? Ukizidisha kwa picha nne kwa siku?"

Nikamwambia dakika tano za mwisho za picha nyingine hakuzikata.

Akabangua mbili, tatu. "Mkanda wenyewe hapo mwisho ulikuwa umetafunwa. Ungeonyesha nini? Mistari?"

Nikanyamaza. Mkewe akaleta maji. Mjomba akanywa, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono asijipake yale mafuta.

"Siku ya kwanza niliionyesha yote," akasema. "Usiku. Watu wazima tupu. Ikaisha, wakatoka, kelele, hela yetu, sijui nini. Mzee mmoja hakutoka. Nimezima genereta, kibanda giza, yeye kakaa. Nikamwambia, mzee wangu, picha imeisha. Akaniambia, najua."

"Alikuwa nani?"

"Mzee mmoja. Wa huku huku."

Kama mkanda ulikuwa umetafunwa, mzee yule aliona nini? Sikumuuliza. Nilitoa simu. Fundi alikuwa ameniwekea ile picha, nikaisogeza mpaka alfajiri ile ya mwisho, uwanda wenye ukungu, watu wadogo wenye bunduki. Mjomba akavaa miwani. Wajukuu wakamwegemea, mmoja kila bega. Na sauti yake ikaanza yenyewe, ile ile ya pembeni ya televisheni, kavu zaidi kidogo.

"Sasa kumekucha. Wafu wamerudi makaburini kwao. Unawaona hawa? Hawa ni polisi, na mbwa wao. Huyu yuko chini, anasikia. Anajiuliza, niende, nisiende."

Ben akaanza kupanda ngazi. Kidole cheusi cha mjomba kikashuka kwenye kioo kutafuta kitufe, na kioo hakina kitufe. Kikapapasa, kikaacha alama ya mafuta juu ya dirisha. Basi akaigeuza simu, akailaza kifudifudi juu ya paja lake, akaikandamiza kwa kiganja. Mlio ukasikika chini ya kiganja, mdogo, kama ganda la korosho.

"Na stelingi akatoka," akawaambia watoto, "akaenda kwao."

"Kwao wapi, babu?"

"Newala."